Huduma za Mtandaoni za Mashine za Gemu: Kabla Hujalipia

Vijana wa hapa Chake Chake wanaomiliki PlayStation au Xbox huniuliza mara kwa mara kama inafaa kulipia huduma ya mtandaoni kila mwezi. Jibu langu ni kwamba inafaa, lakini kwa mtu anayefahamu vyema kuwa anakodi, hanunui.

Raha yake naijua. Mtoto wa ami yangu anaishi Maskati, na usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, tunakutana katika gemu ya mpira kana kwamba tumekaa chumba kimoja. Katikati ya mechi humsikia mama yake akimwita aje kula daku, kwa sababu wao wako saa moja mbele yetu, naye huniomba tumalize haraka. Udugu wetu umepata nguvu kwa njia hii kuliko kwa simu za salamu, na kwa familia zetu za Unguja na Pemba, ambazo jamaa zao wametawanyika Oman, Dubai na Uingereza, faida hiyo si ndogo hata kidogo.

Hata hivyo, si kila gemu inahitaji malipo hayo. Sony, kampuni inayotengeneza PlayStation, iliwaacha wenye PlayStation 3 wacheze mtandaoni bure, ila ilipotoa PlayStation 4 mwaka 2013 ikawataka wengi wajiunge na PlayStation Plus, huduma yake ya kulipia. Nintendo, kampuni nyingine ya mashine za gemu, nayo ilianza kutoza mwaka 2018. Gemu za bure kama Fortnite na Rocket League zimesamehewa sharti hilo, hivyo kijana anayecheza hizo tu hana haja ya kulipa chochote. Fahamu pia kwamba zile gemu za kila mwezi zinazotolewa kwa wanachama wa Plus hufungwa pale uanachama unapokwisha, hata kama umezishusha na zimejaa kwenye mashine yako.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation, na ndiyo maana wengi hufungua akaunti za Uingereza, Marekani au Imarati. Akaunti ya namna hiyo hukubali vocha za nchi yake tu, nchi haibadilishwi baadaye, na likitokea tatizo huna nguvu kubwa ya kudai, kwa kuwa taarifa ulizoandika si zako za kweli. Lililo baya zaidi ni kununua akaunti ya mtu mwingine kwa bei rahisi. Kijana mmoja wa Wete ninayemfahamu alinunua mashine iliyotumika pamoja na akaunti yenye gemu nyingi. Aliyemuuzia alibadilisha neno la siri, na gemu zote zikapotea. Fungua akaunti yako mwenyewe, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu.

Kuhusu bando, wengi hukisia kinyume. Kucheza kwenyewe hakuli sana. Kinachomaliza bando ni kushusha gemu na apdeti zake, kwani gemu moja kubwa huweza kupita gigabaiti 100. Kwa hiyo CD bado ina heshima yake: inapunguza mzigo wa kushusha, na ukiichoka unaiuza au unaiazima, jambo lisilowezekana kwa gemu iliyonunuliwa mtandaoni.

Linaloniumiza hasa ni pakiti za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu za mpira. Mtoto analipa fedha halisi bila kujua atapata nani, akikosa analipa tena, na mimi sioni tofauti kati ya hilo na kamari. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba bahati nasibu za aina hii zinavunja sheria yake ya kamari. Sisi ambao kamari kwetu ni haramu tungepaswa kuwa wakali zaidi. Mzazi anaweza kumfungulia mtoto akaunti ya mtoto iliyo chini ya akaunti yake, kisha akaweka kikomo cha matumizi cha mwezi kuwa sifuri. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, nami nawaomba wazazi waifanye kabla mtoto hajashika padi.

Usilipie mwaka mzima kwa kuvutiwa na bei. Huduma hizi hufungwa: Nintendo ilizima uchezaji wa mtandaoni wa mashine zake za zamani, 3DS na Wii U, tarehe 8 Aprili 2024. Lipia mwezi ambao una nafasi, kama likizo ya skuli au Ramadhani, na siku hiyo hiyo ingia kwenye mipangilio uzime malipo ya kujirudia. Utaendelea kucheza mpaka muda uliolipia umalizike.