Tayarisha flashi ya uokoaji kabla mteja hajabisha hodi

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi hapa Kibuye, Kisumu, mwalimu kutoka upande wa Nyando aliniletea laptopu yake ikiwa imefungwa kwa leso. Stima ilikuwa imepotea na kurudi mara kadhaa usiku, na sasa mashine ilikuwa ikionyesha nembo kisha inazima. Ndani yake mlikuwa na alama za wanafunzi za mihula mitatu. Sikuwa na flashi yoyote ya uokoaji tayari, yaani ile ya kuwashia mashine iliyogoma kuwaka yenyewe. Nilihangaika na bando la simu hadi saa nne usiku, nikapata pa kuwashia, halafu nikaamuru chkdsk, zana ya Windows ya kukagua diski, ikarabati diski iliyokuwa ikitoa mlio wa tik-tik. Kufika asubuhi diski haikuonekana tena. Mwalimu aliniambia, "Basi fundi, umejaribu," akachukua leso yake. Nyinyi mnaoanza kazi hii, nawaandikia kwa sababu ya mwalimu yule.

Anzeni na flashi yenyewe. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani ni GB 8. Zimechezewa zidanganye kompyuta, na ukizidisha ujazo wa kweli, data mpya hupotea au hufuta ya zamani bila onyo lolote. Ukinunua, ijaze yote kwa programu ya majaribio, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, kisha usubiri isomwe tena. Ni kazi ya saa kadhaa, lakini usiiruke.

Zamani kila programu ilitaka flashi yake. Siku hizi mimi hutumia Ventoy, programu inayoweka vyote kwenye flashi moja. Unaisakinisha mara moja (inafuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisha vitu vyako kwanza), halafu unanakili faili za ISO (kila moja ni nakala ya diski nzima ya kuwashia) kama unavyonakili nyimbo. Ukiwasha mashine, inakupa orodha uchague. Sehemu kubwa ya flashi hupangwa kwa mfumo wa faili wa exFAT, na hilo lina faida kwa sababu mfumo wa FAT32 haupokei faili moja inayozidi GB 4, na faili za kusakinisha Windows mara nyingi huzidi hapo. Kwenye mashine yenye Secure Boot (ulinzi unaokataa kuwasha programu isiyotambuliwa), mara ya kwanza utaletewa skrini ya buluu. Chagua kusajili ufunguo kutoka kwenye diski, ingia VTOYEFI (sehemu ndogo ya Ventoy kwenye flashi), chagua faili iliyoko pale. Lifanye hilo ukiwa peke yako kwanza, usilijifunze mbele ya mteja.

Yangu ina SystemRescue (Linux ya uokoaji), Clonezilla (ya kunakili diski), Memtest86+ (ya kupima RAM) na kisakinishi cha Windows. Hizo zinatosha. Nimeona vijana wakibeba ISO thelathini wasiojua hata tano kati yake. Pakua mahali penye intaneti ya waya, na kabla ya kunakili linganisha alama ya SHA256 (tarakimu na herufi zinazokokotolewa kutoka kwenye faili) na ile iliyo kwenye tovuti ya wenyewe. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Faili iliyokatika katikati inaweza kuwaka vizuri kisha ikakuangusha kazini.

SystemRescue unaweza kuifinyanga ifuate kazi yako. Ina faili za mipangilio kwenye folda ya sysrescue.d, na hati ya sysrescue-customize inayokuundia ISO mpya yenye mipangilio yako. Mimi huchagua mwenyewe lini nitumie copytoram, ambayo hupakia mfumo wote kwenye RAM ili uichomoe flashi na kuuacha mlango wa USB wazi kwa diski ya nje. Kwenye kompyuta za mitumba zenye RAM ya GB 2, ambazo hapa kwetu bado ni nyingi, usiiguse, mashine itakwama.

Sasa lile lililonigharimu. Diski ikiwa na dalili za kufa, usiikarabati. Isome kwanza. Ukiwa ndani ya SystemRescue, amri ya smartctl -a itakuonyesha Reallocated_Sector_Ct (sekta mbovu zilizobadilishwa) na Current_Pending_Sector (zinazoshukiwa); namba hizo zikiwa juu au zikipanda, nenda moja kwa moja kwa ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu, ukatoe nakala ya diski nzima kwenye diski nyingine isiyo ndogo kuliko ile. Pitisho la kwanza tumia -n, ili lichukue sehemu nzima upesi bila kung'ang'ania zilizooza. Baadaye rudi na -r3. Na lazima uipe ddrescue faili ya ramani, inayoweka kumbukumbu ya sehemu zilizokwisha kusomwa. Stima ikipotea katikati, ramani hiyo ndiyo inayoiambia ianzie wapi, na diski mgonjwa haisomwi upya kutoka mwanzo.

Kabla ya kubonyeza Enter, andika lsblk, amri inayoorodhesha diski zote, tazama ukubwa na modeli ya kila diski, kisha utazame tena. Ukibadilisha chanzo na kituo, umeifuta diski ya mteja kwa mkono wako.

Jambo jingine ni Windows iliyozimwa huku Fast Startup, mpangilio wake wa kuwaka haraka, ukiwa umewashwa. Haikuzimika kabisa, kwa hiyo fungua diski yake kwa kusoma tu. Na kama ina BitLocker (kufuli la siri la diski), muulize mwenyewe mapema ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft.

Flashi ikishakamilika, ijaribu kwenye mashine tatu: ya zamani yenye BIOS, mpya yenye UEFI, na moja yenye Secure Boot. Andika vitufe kwenye karatasi: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni Esc kisha F9. Tengeneza ya pili inayofanana, uiweke nyumbani. Usiichomeke flashi ya kazi kwenye Windows ya mteja iliyokwisha kuwaka, maana ndipo virusi hupandia, na data za watu zisikae humo hata usiku mmoja.

Siku hizi, diski ya mteja nikishaitolea nakala, naitia kwenye bahasha yenye jina lake. Kazi yote ya TestDisk, programu ya kurejesha data iliyopotea, naifanya kwenye nakala.