Swali la lugha: Mikato miwili iliyowanyima wanachama wote kura

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi chetu. Juzi niliwaandikia wenzangu hivi: "Wanachama, ambao hawajalipa ada, hawataruhusiwa kupiga kura." Waliolipa zamani wakaja juu, wakidai nimewafungia nje. Mmoja akaniambia tatizo ni mikato. Je, mikato miwili inaweza kubadili maana kiasi hicho? Na mbona niliipitia taarifa mara mbili kabla ya kuituma nisione kosa?

JIBU: Inaweza, na hapo imebadili. Maneno yanayowekwa kati ya mikato miwili huwa ni nyongeza: ukiyatoa, sentensi hubaki na maana yake. Jaribu kuyatoa. Kinachobaki ni "Wanachama hawataruhusiwa kupiga kura." Kwa hiyo waliolipa walikuwa na haki ya kuja juu, maana ulichoandika ni kwamba wanachama wote hawajalipa na wote hawatapiga kura. Wewe ulikusudia baadhi yao tu, na kinachowatambulisha hao baadhi ni maneno yale yale "ambao hawajalipa ada". Maneno yanayotambulisha hayatengwi na nomino yake.

Kosa hili nalikuta mara nyingi sana mbele ya "ambaye", "ambao" na "ambacho". Mwandishi akifika hapo huhisi ameanza jambo jipya, mkono ukaweka mkato wenyewe. Lakini ungeandika "Wanachama wasiolipa ada", naamini mkato usingekujia hata kidogo, kwa kuwa kirejeshi, yaani ile "-o-" inayorejelea nomino, kimo ndani ya kitenzi. Basi ukisita, geuza "amba-" iwe kirejeshi cha ndani, kisha usikilize kama bado unaona haja ya mkato.

Wengi tulifundishwa kwamba mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, na ndiyo maana wengine huuita kipumuo. Jina hilo ni zuri, ila limetupotosha. Linatufanya tuandike "Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya mkutano mkuu, amewasili." Ni kweli msomaji anaweza kupumua hapo, lakini kiima hakitengwi na kitenzi chake hata kiwe kirefu namna gani.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo ambalo halisemwi vya kutosha: Kiswahili kinazitegemea alama kuliko tunavyodhani. Tazama "Mkutano umeahirishwa" na "Mkutano umeahirishwa?" Maneno ni yale yale na mpangilio ni ule ule. Kiingereza hupindua mpangilio wa maneno kikiuliza. Sisi hupandisha sauti tu. Kwenye maandishi sauti haipo, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na alama ya kuuliza. Aliyetaka kuuliza akaisahau, ametangaza. Kuna watu hawatafika mkutanoni kwa sababu hiyo, na hawatakuwa na kosa. "Je" husaidia, nayo hufuatwa na mkato: "Je, mkutano umeahirishwa?" Lakini ile "-je" ya namna huungana na kitenzi: "Umefikaje?", si "Umefika je?" Na swali likisharipotiwa si swali tena. "Aliniuliza ningefika lini" humalizikia kwa nukta.

Viambishi vyetu navyo vina mitego yake. "Tumsubiri mwalimu" maana yake mwalimu ndiye anayesubiriwa. "Tumsubiri, mwalimu" maana yake tunazungumza na mwalimu, na anayesubiriwa ni mtu mwingine, kwa sababu "-m-" inaweza kumwakilisha yeyote aliyekwisha kutajwa. Kukanusha ni vivyo hivyo. "Hakuondoka kwa sababu ya mvua" ina maana mbili: alibaki kwa kuwa mvua ilinyesha, au aliondoka ila mvua siyo iliyomwondoa. Mkato baada ya "hakuondoka" unaleta ile maana ya kwanza. Ukitaka ya pili, usitafute alama, andika upya: "Aliondoka, lakini si kwa sababu ya mvua."

Mkato pia hupewa kazi ya nukta. "Nimepokea barua yako, mkutano ni kesho, fedha hazijatosha, naomba majibu." Hayo ni mambo manne, na kila moja linastahili nukta yake. Hapa lakini nawasihi walimu wasiwe wakali kupita kiasi, kwa sababu "Alifika, akaketi, akaomba maji, akanywa" ni sentensi safi kabisa. Kiambishi "-ka-" kimeyafunga matendo hayo kwenye uzi mmoja, na mkato unatosha kuyapanga. Anayemlazimisha mwanafunzi kuweka nukta kila baada ya tendo anauvunja mwendo wa masimulizi ya Kiswahili.

Mengine nayataja kwa haraka. Nafasi hukaa baada ya mkato au nukta, kamwe si kabla yake, ingawa kwenye simu mambo haya siku hizi yamegeuzwa. Alama tatu za mshangao hazishangazi kuliko moja. Ritifaa ya "ng'" si pambo: "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, "ngoa" ni wivu. Kwenye tarakimu, 1,500 ni elfu moja na mia tano, ilhali 1.500 ni moja na nusu.

Usidhani waandishi wa sheria wameokoka. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi zisizolipiwa nyongeza ya saa za ziada, na mwishoni mwa orodha yakaja maneno yenye maana ya "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Je, hiyo ni kazi moja ya kufungasha, au ni mbili, kufungasha na kusambaza? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walisambaza bila kufungasha, wakadai malipo yao kwa hoja kwamba kusambaza peke yake hakumo kwenye orodha. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ilikubali kwamba maneno hayo yana utata, ikawapa madereva haki, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kumaliza shauri kwa dola milioni 5. Mkato mmoja kabla ya "au" ungeondoa utata. Sisi kwa kawaida hatuweki mkato kabla ya "na" au "au" ya mwisho wa orodha, kwa hiyo dawa yetu ni kupanga upya: "kusambaza au kufungasha kwa ajili ya kusafirisha". Hapo hakuna wa kubishana naye.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo naliona zito kuliko la kwanza. Hukuliona kosa kwa sababu hukuwa unasoma, ulikuwa unajisikiliza. Ulijua unachokusudia, na sauti yako ya ndani ikapita juu ya ile mikato kama haipo. Programu ya kusahihisha maneno nayo isingekusaidia, maana kila neno liliandikwa sawasawa. Kupitia mara mbili hapo hapo ni kuisikia sauti ile ile mara mbili.

Iache kazi ilale, ikiwezekana hadi kesho. Ukirudi, soma kwa sauti, tena ukizitii alama zilivyo na si ulivyotaka ziwe: penye mkato tua, penye nukta shusha sauti, pasipo na alama usitue. Ungesoma hivyo "Wanachama (tua) ambao hawajalipa ada (tua) hawataruhusiwa", sikio lingeshtuka. Kisha mpe mtu mwingine. Usimuulize "Kuna makosa?", kwa kuwa atatafuta herufi zilizoruka na kukurudishia. Mwombe akueleze alichoelewa. Kama angekujibu, "Kumbe hakuna atakayepiga kura?", ungejua kabla ya kutuma.

Taarifa yako usiifute kimyakimya, kwani waliokasirika wameshaisoma. Tuma nyingine leo: "Taarifa ya juzi ilikuwa na kosa la uandishi. Wanachama ambao hawajalipa ada hawataruhusiwa kupiga kura. Waliolipa watapiga kura kama kawaida." Sentensi ya mwisho si ya lazima kisarufi, lakini baada ya kilichotokea, wenzako wanahitaji kuisoma.