Tabia gani za kila siku zinajenga maisha? Jibu langu refu kidogo, mnivumilie

Mleta mada kauliza tabia gani za kila siku zinamjenga mtu afanikiwe na maisha bado yawe na maana, sio pesa ipo halafu ndani patupu. Waliotangulia wamejibu amka saa kumi alfajiri, soma vitabu, kunywa maji, piga zoezi, kimbia marafiki hasi. Sio mabaya. Ila mi navyoona orodha za hivyo anazitunga mtu aliyelala akashiba usingizi, hana mgonjwa ndani, bosi hajampigia, ndo anakaa anapanga maisha. Ikija wiki ya tabu yote inaporomoka kwa mpigo halafu mtu anajiita mvivu.

Kazi yangu mi ni mahesabu. Kila mwisho wa mwezi kuna zile siku za kufunga hesabu, unatoka ofisini watu washalala, kichwa kinawaka moto, na hiyo inajirudia mwezi kwa mwezi, kwa hiyo hakuna siku ntakuja "kutulia" nianze maisha mapya. Ndo maana kipimo changu ni kimoja tu, tabia yoyote nayotaka kuianza najiuliza hii ntaifanya siku ya kufunga hesabu? Kama haiwezekani naipunguza mpaka iwezekane, ikigoma hata hapo naiacha, hiyo ni starehe ya siku nzuri. Kusoma kwangu ni kurasa mbili. Siku nyingine naenda mpaka arobaini, lakini deni ni mbili. Mazoezi ni kutembea, basi, sina la kuongeza hapo.

Najua kuna atakayesema kurasa mbili ni utani. Sasa sikia, mwaka 2010 ilichapishwa tafiti ya Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha London, UCL, walichukua watu 96, kila mtu akachagua kitu kimoja kidogo cha kula, kunywa au mazoezi akawa anakifanya kila siku baada ya tukio lile lile, mfano baada ya kifungua kinywa. Wakaangalia inachukua muda gani mpaka mtu anafanya bila kujisukuma. Katikati ilikuwa siku 66, ila makadirio yalitawanyika kuanzia siku 18 mpaka 254! Na vitu vyepesi kama kunywa maji vilizoeleka haraka kuliko mazoezi. Ile habari ya siku 21 mnayoipenda chanzo chake kinachotajwa sana ni daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau kama siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Angalau! Na ilikuwa sura, haikuwa tabia. Watu wakaibeba hivyo hivyo. Kitu kingine walichokuta kina Lally, kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Hapo ndo watu wengi wanafia, karuka jumanne anasema ashaharibu anasubiri mwezi mpya, mwezi mpya ukifika anasubiri mwaka.

Kinachosaidia ni kuifunga tabia kwenye kitu ambacho tayari unakifanya. Usiseme "nitakuwa nasoma zaidi", sema nikishavua viatu jioni nakaa kwenye kiti kile nafungua kitabu. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Peter Gollwitzer kaifanyia kazi sana hii, mipango ya "ikitokea hivi nitafanya vile", na tafiti nyingi zimeonyesha inamsaidia mtu kutimiza kuliko nia tupu. Sababu yake ni nyepesi, unakuwa umeamua mapema, saa ile umechoka huna cha kujadiliana na nafsi. Na ujue nafsi iliyochoka ni mwanasheria hatari, haijawahi kushindwa kesi.

Hiyo hiyo igeuze kwa tabia mbaya. Simu yangu hailali chumba nnacholala, inachajiwa sebuleni, na alamu nina kasaa kadogo ka mezani. Sijapata nguvu zozote za ajabu za kujizuia, nimeongeza tu hatua kadhaa kati yangu na kuskroli, na uvivu ule ule unaonizuia kwenda mazoezini unanizuia kwenda sebuleni.

Sasa nije kwenye ile nnayoiona ya maana kuliko zote, na sijaona aliyeitaja. Kila usiku naandika mistari mitatu kwenye daftari. Wa kwanza nilichomaliza leo. Wa pili nilichokwepa, kwa jina lake bila kupamba. Wa tatu ni nani nimempa neno na sijatimiza. Yani zile "ntakupigia", "ntakutumia ile namba", "ntakuja kumwona mzee". Hela mtu atakudai atakukumbusha, ila neno watu hawadai, wanakaa kimya, wanapunguza kukuamini, wewe huna habari. Asubuhi kabla sijafungua kazi nachagua jina moja kwenye ule mstari namalizana nalo, hata kama ni kusema tu ndugu yangu lile jambo sitaliweza, tafuta mtu mwingine. Watu wanaheshimu sana hapana iliyokuja mapema, asikwambie mtu. Baada ya muda nikaanza kupunguza kuahidi hovyo maana kila ahadi naijua usiku ntaikuta kwenye daftari inaniangalia. Na kazini naitwa kwenye mambo makubwa kuliko wenye akili kunizidi, nadhani ni kwa hilo tu.

Na hapo ndo penye maana ya maisha pia, sio kwenye malengo. Kuna utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938, ukafuata vijana wa chuo hicho na vijana wa mitaa maskini ya Boston, jumla wanaume 724, ukawafuata miaka na miaka mpaka uzeeni. Mkurugenzi wake Robert Waldinger amekuwa akieleza kwamba walipowaangalia walivyokuwa na miaka 50, walioridhika na mahusiano yao ndio waliokuwa na afya nzuri wakiwa na 80, na hiyo ilitabiri vizuri kuliko hata kolesteroli. Kwa hiyo unayejenga jina huku hupokei simu za mama yako au dada yako sijui unajenga nini.

Pesa sitakaa sana. Siku mshahara unaingia, fungu la akiba linatoka siku hiyo hiyo kabla ya kitu kingine, na lijitoe lenyewe kama benki yako inaruhusu. Faida ikizaa faida kwa asilimia 10 kwa mwaka hela inajizidisha mara mbili kama miaka 7 na kidogo hivi, kwa hiyo anayeanza mapema na kidogo mara nyingi anamzidi anayeanza na kingi kachelewa. Angalia tu mfumuko wa bei usikule kimya kimya.

Wanaotaka kubadilisha kila kitu januari moja, mwangalieni Benjamin Franklin, yule mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Alijiandikia maadili 13, lakini kila wiki alikuwa anakazia moja, akitia alama kwenye kijitabu kila alipoteleza, mzunguko mmoja wiki 13, mara nne kwa mwaka. Na kakiri mwenyewe kwamba utaratibu, kila kitu kuwa na mahali pake na saa yake, ndo ulimsumbua kuliko yote. Huyo ni Franklin.

Kuhusu saa kumi alfajiri, kama umelala saa tatu usiku amka tu hakuna shida. Kama umelala saa sita unajiibia, mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi na utayalipa mchana kwenye kikao. Bora saa ya kuamka isiyobadilika hata wikiendi.

Daftari lenyewe chukua la kawaida, hata lililobaki kurasa za nyuma. Ukinunua lile zuri lenye jalada la ngozi utaanza kulionea huruma kuliandikia upuuzi, na huo upuuzi ndo tunaoutaka humo.