Maswali ya Wasomaji: Nilidhalilishwa Dirishani, Kisha Fao Likasimamishwa

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu watu waliopoteza kazi, wakaenda kudai fao la kukosa ajira, wakakutana na maneno au matendo ambayo hawakuyategemea. Tumezifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwandishi au ofisi inayohusika.

SWALI: Ndugu Mshauri, nilikuwa karani wa ghala hadi kampuni ilipopunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Niliomba fao la kukosa ajira, kwa kuwa michango yangu ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara kila mwezi. Nilipoitwa dirishani, afisa alisoma fomu yangu kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa foleni, akaniuliza kama mtu mwenye afya zake haoni haya kulelewa na serikali, kisha akazisukuma karatasi zangu juu ya kaunta hadi nyingine zikaanguka sakafuni. Niliziokota, nikaondoka. Baadaye nikapokea barua inayosema kwamba fao langu limesimamishwa kwa sababu sikuhudhuria mahojiano, ilhali barua ya kuniita kwenye mahojiano hayo ilinifikia tarehe yenyewe ikiwa imeshapita. Nataka afisa yule awajibishwe. Mume wangu anasema niachane nao kabisa, nitafute kazi. Nifanye nini? – Mama asiyelala.

JIBU: Mama, pole sana kwa yaliyokukuta. Umeandika kurasa tatu kuhusu afisa yule na mistari michache tu kuhusu barua ya kusimamishiwa fao, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu aibu ya mbele za watu huuma kuliko karatasi. Hata hivyo ninakuomba uanze na karatasi. Una mambo mawili mkononi, nayo hupita njia tofauti: tabia ya afisa hushughulikiwa kwa malalamiko, wakati kusimamishwa kwa fao ni uamuzi, na uamuzi hupingwa kwa rufaa. Malalamiko kwa kawaida husubiri, lakini rufaa ina siku zake za kuhesabu. Nchini Uingereza, kwa mfano, mtu asiyeridhika na uamuzi wa fao kwa kawaida hupewa mwezi mmoja kuomba uangaliwe upya kabla ya kwenda kwenye baraza la rufaa. Katika majimbo mengi ya Marekani muda wa kukata rufaa ni kati ya siku 10 na 30, na mara nyingi siku hizo huanza kuhesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama ilichelewa kukufikia. Nimewaona watu wenye haki iliyo wazi wakikosa kila kitu kwa sababu walitumia muda wote huo kumfuatilia afisa aliyewatukana, na walipogeuka kushughulikia uamuzi wakaambiwa muda umekwisha.

Kwa hiyo, leo hii tafuta kwenye barua yako sehemu inayoeleza namna na muda wa kukata rufaa. Mara nyingi huwa chini kabisa au nyuma ya karatasi, kwa maandishi madogo. Ikiwa haimo, andika uulize, na wakati huohuo wasilisha rufaa yako bila kusubiri majibu. Rufaa yenyewe iwe fupi: namba ya madai yako, tarehe ya uamuzi unaoupinga, sababu waliyoitoa, na kwa nini sababu hiyo si sahihi. Katika shauri lako jambo lote linasimama juu ya bahasha. Kama bado unayo bahasha iliyoleta wito wa mahojiano, usiitupe, kwa maana muhuri wa posta ulio juu yake unaonyesha siku ilipotumwa, na siku hiyo ikiwa baada ya mahojiano au karibu nayo mno, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema ulikaidi wito. Piga picha bahasha pamoja na barua, ambatisha nakala, ubaki na zenyewe. Kama bahasha imeshapotea, angalia kama barua ina tarehe iliyochapwa, uliza ofisi ilituma lini na kwa njia gani, kisha ueleze kwa maandishi siku uliyoipokea na nani alikuwepo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea wanaposubiri rufaa. Endelea kutoa taarifa zako za kutafuta kazi na kujaza fomu za kila kipindi kana kwamba fao halijasimamishwa, hata kama mfumo unakujibu kwamba hustahili malipo. Ukishinda rufaa, utalipwa malimbikizo ya vipindi ulivyovitolea taarifa. Vile ulivyoviacha vinaweza kupotea, nawe utakuwa umewapa sababu mpya ya kukukatalia.

Sasa tuje kwa afisa. Kwanza niseme kwamba neno lake la kulelewa na serikali halina msingi, hata kama lingesemwa kwa upole. Fao linalotokana na michango ni bima. Uingereza ilipoanzisha bima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 1911, mfuko ulijazwa na mfanyakazi, mwajiri na serikali kwa pamoja, na mtindo huo wa kuchangia umeenea katika nchi nyingi. Aliyechangia hupokea kilicho chake pale tukio alilolikatia bima linapotokea, na hakuna anayemwita ombaomba mtu anayelipwa na bima baada ya nyumba yake kuungua.

Andika malalamiko yako katika karatasi tofauti na ya rufaa, na uyapeleke kwa msimamizi wa ofisi au kitengo cha malalamiko. Taja tarehe, saa, namba ya dirisha, jina la afisa kama lilikuwa kwenye kitambulisho chake, na kama hukuliona, eleza alivyo na mahali alipokaa. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyaongezea chumvi. Swali lake kuhusu haya linatosha kabisa kumwonyesha alivyo, halihitaji msaada wa vivumishi vyako. Kama kuna mtu kwenye foleni aliyesikia na yuko tayari kutajwa, mtaje. Kisha sema unachotaka, kwa sababu malalamiko yasiyo na ombi hujibiwa kwa barua ya kushukuru maoni yako. Unaweza kutaka uombwe radhi kwa maandishi, upewe afisa mwingine wa kushughulikia faili lako, na mambo yako binafsi yasisomwe mbele ya watu. Ombi hili la mwisho ndilo ningelisisitiza zaidi, kwa sababu kusoma hadharani fomu ya mwombaji ni kosa hata pale afisa anapotabasamu, na katika nchi zenye sheria za ulinzi wa taarifa binafsi linaweza kuwa kosa la kisheria pia.

Kuhusu ushauri wa mumeo, mwambie kwamba kutafuta kazi na kudai fao havipingani. Fao limewekwa ili utafute kazi bila kulazimika kuchukua ya kwanza itakayojitokeza hata kama ni mbaya.

SWALI: Mshauri, nimepigiwa simu na kuelezwa kwamba kompyuta imegundua nilipokea fao nikiwa na kipato, na kwamba natakiwa kurudisha fedha zote pamoja na faini. Nilipojitetea, aliyepiga aliniambia kwamba wezi wote husema hivyo. Ametaka nikubali mpango wa kulipa kidogo kidogo ili yaishe. Je, nikubali? – Fundi.

JIBU: Ndugu Fundi, usikubali chochote kwa simu, wala usisaini mpango wa kulipa kabla hujaona hesabu, kwa kuwa kukubali kulipa kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri deni. Mjibu kwa utulivu kwamba unaomba madai hayo kwa maandishi, yakionyesha kipindi gani, kiasi gani, taarifa za kipato zimetoka wapi, na ni mtu gani, si mashine gani, aliyethibitisha uamuzi.

Simaanishi kwamba kompyuta hukosea kila mara. Hukosea vya kutosha, na zikikosea hukosea kwa maelfu. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mfumo ulioitwa MiDAS uliwatuhumu kwa udanganyifu watu wapatao 40,000 kati ya mwaka 2013 na 2015 bila makosa yao. Wengine walikatwa mishahara na kutozwa adhabu iliyofika mara nne ya fedha walizodaiwa. Ukaguzi wa maamuzi zaidi ya 22,000 yaliyotolewa na mashine peke yake ulionyesha kwamba asilimia 93 hayakuwa na udanganyifu wowote. Australia nako, mpango wa kompyuta wa kudai madeni ya mafao, uliojulikana kama Robodebt, ulichukua hesabu ya kipato cha mtu cha mwaka mzima, ukakigawanya sawasawa katika vipindi vya wiki mbili mbili, ukadai kwamba ndicho alichokipata kila kipindi. Fikiria mtu aliyefanya kazi nusu ya mwaka na kukaa bila kazi nusu iliyobaki: kwa hesabu hiyo alionekana anapokea mshahara miezi ambayo hakuwa na kitu. Tume ya kifalme iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti yake Julai 2023, baada ya serikali kuwa imeshauacha na kurudisha fedha.

Kwa upande wako, kabla ya kuwaza makosa makubwa angalia kosa dogo linalotokea sana. Mshahara wa mwisho, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, au kiinua mgongo huweza kuingia benki wiki kadhaa baada ya kuacha kazi, na mfumo ukaona fedha za mwajiri zikiingia wakati tayari umeanza kupokea fao. Weka pamoja hati zako za mshahara, barua ya kuachishwa kazi na taarifa ya benki, kisha upige mstari chini ya siku ya mwisho uliyofanya kazi na chini ya siku fedha zilipoingia. Huenda sheria ya kwenu inataka baadhi ya malipo hayo yatangazwe, na kama hukuyatangaza kwa kutojua, sema hivyo. Kosa la kutojua na wizi ni mambo mawili tofauti, na faini mara nyingi hutegemea tofauti hiyo. Neno wezi liandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe na saa ya simu. Utalihitaji kwenye malalamiko, baada ya deni kujibiwa.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Kijana wangu alikwenda mara kadhaa kuwasilisha maombi ya fao, na kila alipofika aliambiwa kuna karatasi moja inakosekana, aende arudi. Mara ya mwisho alipandisha sauti, walinzi wakamtoa nje. Sasa anaogopa kurudi, na maombi hayajapokelewa hadi leo. – Mzazi.

JIBU: Marahaba, mzazi wangu. Kupandisha sauti hakumwondolei mtu haki ya kuomba, ingawa kutishia au kuvunja vitu ni jambo jingine. Kinachonitia wasiwasi ni hizo nenda rudi, kwa sababu maombi yaliyokataliwa kwa mdomo dirishani hayana uamuzi, na pasipo uamuzi hakuna cha kukatia rufaa. Isitoshe, mahali pengi fao huhesabiwa kuanzia siku maombi yalipopokelewa. Aombe fomu ipokelewe kama ilivyo, igongwe muhuri wa tarehe, na orodha kamili ya karatasi zinazokosekana iandikwe mara moja. Kama hawataki, aitume kwa posta ya rejesta au kwa njia ya mtandao iwapo ipo, na atunze risiti.

Asirudi peke yake. Mkataba Namba 168 wa mwaka 1988 wa Shirika la Kazi Duniani, katika kifungu cha 27, unasema anayenyimwa fao ana haki ya kulalamika kwa chombo kinachosimamia mpango huo, kisha kukata rufaa kwenye chombo huru, aelezwe kwa maandishi taratibu zilizopo, na kwenye rufaa asaidiwe na mtu mwenye sifa anayemchagua mwenyewe au mjumbe wa chama cha wafanyakazi. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini wazo la kuandamana na msaidizi limekubalika kwa upana zaidi ya hapo, na chama cha wafanyakazi cha kazi aliyoiacha ndipo pa kuanzia. Akitaka kuomba radhi, aombe kwa kelele zake tu, asije akaonekana anaomba radhi kwa kudai fao.

SWALI: Je, naweza kumrekodi afisa kwa simu yangu kwa siri? – Msomaji.

JIBU: Inategemea sheria ya mahali ulipo, na kukosea ni hatari, Ujerumani, kwa mfano, kurekodi mazungumzo ya faragha bila ridhaa ni kosa la jinai. Ipo njia isiyohitaji ruhusa ya mtu. Siku hiyohiyo, tuma ofisini ujumbe au barua yenye maneno kama haya: "Leo saa nne asubuhi, dirisha la pili, nimeelezwa kwamba maombi yangu hayawezi kupokelewa hadi nilete barua ya mwajiri. Ikiwa sikuelewa sawasawa, naomba nirekebishwe kwa maandishi." Wasipojibu, nakala yako yenye tarehe ndiyo kumbukumbu pekee ya mazungumzo yale, na atakayesikiliza rufaa ataisoma.