Milan kwa seremala, na mkate wa mayai wa kwetu

Toleo lililopita niligusia tu kwamba nilikwenda maonyesho ya samani ya Milan, na kwamba wenyeji wangu kule niliwapikia mkate wa mayai. Barua zilizokuja baada ya hapo, wengine wanataka samani, wengine wanataka mkate. Nawajibu wanne, na walioulizia yaleyale wasome humuhumu.

*Shikamoo Bi. Mimi ni seremala Tanga, natengeneza vitanda na makabati ya mninga. Ndugu yangu yuko Italia na ananiita mwezi wa Aprili niende nikayaone hayo maonyesho. Malazi yapo kwake, lakini nauli na viza ni pesa ya kununulia mbao za miezi. Karakana yangu ina mashine moja. Kuna la kwangu kule, au ni mambo ya matajiri?*

Marahaba mwanangu. Matajiri wapo, tena wengi, na lako lipo vilevile. Ila ujue unakwenda kutazama, maana kule si Sabasaba, ukapenda stuli ukalipa ukaibeba begani.

Maonyesho yenyewe yanaitwa Salone del Mobile. Yalianza 1961 na hufanyika kila Aprili. Mwaka 2020 corona iliyazuia, 2021 yakasogezwa hadi Septemba, na 2022 hadi Juni. Uwanja uko Rho, nje kidogo ya mji. Unapanda treni ya chini ya ardhi ya mstari mwekundu hadi mwisho, kituo cha Rho Fiera. Tikiti ya kuzungukia mjini haifiki huko, kwa hiyo mwambie ndugu yako akukatie inayofika kabla hujakutana na mkaguzi. Na viatu vaa ulivyokwisha kuvizoea. Mabanda ni makubwa mno, ukitoka moja unatamani ukae, na viti vyote unavyoviona vya maonyesho!

Sasa sikiliza hili, kwa kuwa wewe ni mtu wa makabati. Miaka ya witiri wanaleta taa. Miaka ya shufwa wanaleta jiko na bafu. Nenda mwaka wa shufwa. Siku za mwanzo ni za watu wa biashara na mwisho wa wiki ndiyo wanafungulia kila mtu, basi jisajili mtandaoni mapema kama mtu wa kazi hiyo, uingie wakati bado pananafasika na wenye banda wana muda wa kukujibu.

Ukifika, usitazame samani kwa mbele. Mbele ni pa mpiga picha. Mimi kazi yangu ni makochi, kwa hiyo nilikuwa nainama, nachungulia chini ya kiti kitambaa kimeishia wapi, na wahudumu wakinitazama kama nimedondosha pete. Nilivuta droo ya kabati moja la nguo, nikaitoa. Ubao wa mbele na wa ubavuni umeshikana kwa meno yaliyochongwa, jino moja likiingia kwenye mwanya wa mwenzake, hamna msumari wala gundi iliyovuja. Nikaigeuza. Chini kumepigwa msasa sawasawa na juu. Nikazunguka nyuma ya kabati, na nyuma nako kumepakwa vanishi. Huku kwetu nyuma ya kabati tunagongea plaiwudi iliyobaki na kulisukuma ukutani. Hilo kulibadilisha hakuhitaji mashine ya pili.

Kuna sehemu inaitwa SaloneSatellite, ilianzishwa 1998 na mama mmoja mzaliwa wa Venezuela, Marva Griffin, kwa ajili ya wabunifu wasiozidi miaka 35. Kaa hapo zaidi ya kwingine. Kwenye mabanda ya makampuni makubwa anayekupokea ni muuzaji, hajui gundi gani imetumika. Pale kwa vijana aliyesimama kando ya kiti mara nyingi ndiye aliyekibuni, na atakueleza mpaka umkimbie. Mengine utakayoyaona ni vituko: viti visivyokalika, meza ambayo hata sahani itateleza. Pita.

Na usirudi kabla hujakiona kiti cha Gio Ponti, mbunifu wa Kiitalia, kinaitwa Superleggera, cha 1957, kampuni ya Cassina inakitengeneza hadi leo. Mimi nilikikuta dukani mjini. Kina kilo 1.7 tu. Nilikinyanyua kwa kidole kimoja, kweli kabisa. Siri iko miguuni: si ya duara wala ya mraba, ina pembe tatu, unene milimita 18, na kikalio kimesukwa, mtu wa pwani hashangai. Mti wake si mninga, kwa hiyo usikimbilie kuuiga wembamba ule. Chonga mguu mmoja kwanza, uukalie, uone.

Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, unaweza kuiomba miezi sita kabla ya safari, na watataka bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Wiki ile hoteli za Milan hupandisha bei vibaya sana, kwa hiyo ndugu mwenye kitanda ni nusu ya safari. Lakini kama nauli itatoka kwenye fedha ya mbao za wateja waliokwisha kulipa, mwanangu, kaa Tanga.

*Bi, nina nyumba Kigamboni nakaribia kuhamia. Naweza kuagiza kochi kule Milan lije kwa kontena?*

Unaweza, kama una pesa za kuchezea. Mimi ningempelekea picha fundi wa samani wa Keko, hapo Dar, pamoja na vipimo vya kila upande, nikamsimamia kwenye sponji, maana hapo ndipo tunapoibiwa.

*Asalaam alaykum Bi. Huo mkate wa mayai tuandikie kama mlivyoupika kwenu Unguja. Wangu hapa Mombasa waumuka vizuri, kisha wadidimia katikati, na chini wabaki utando mgumu wa unga.*

Wa alaykum salaam. Utando huo ni unga ulioumimina kwa pupa ukazama. Na kudidimia, ama mayai hayakuchapwa yakakolea, ama ulifungua oveni kuchungulia.

Sisi tunatia mayai 6, sukari kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja uliochekechwa mara mbili, na hiliki kijiko kimoja cha chai, itwangwe siku hiyo hiyo. Beking poda haimo, siagi haimo ila ya kupakia sufuria. Kinachoumua ni mayai, basi yasitoke kwenye friji moja kwa moja. Yachape na sukari mpaka yawe meupe na mazito. Mama alikuwa akitumia mchapo wa mkono, tukipokezana watoto wote wa nyumba, mashine inachukua kama dakika 10. Nyanyua mchapo uchore nane juu yake. Nane ikizama, endelea.

Hapo weka mchapo chini, chukua mwiko. Unga unyunyize kidogo kidogo, ukikunja kutoka chini kuja juu, polepole, ukiacha kuona unga mkavu simama. Mimina kwenye sufuria ya sentimita 22 hivi, oka kwa nyuzi 180, dakika 30 hadi 35, na 20 za mwanzo mlango usiguswe. Ukiwa huna oveni, palia makaa: mengi juu ya mfuniko, machache chini. Zabibu zinyunyize uso ukishaanza kushikana.

Na yule aliyeniandikia kutoka Muscat akiuliza kama anaweza kutia zafarani: tia, lakini iroweke kwanza kwenye kijiko cha maji ya moto, na hiliki uipunguze nusu.