Tafadhali, Usiseme "Sina Swali"

Juzi dada mmoja wa Igoma ameniandikia. Kaka yake amekamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na shahidi anadai alimtambua usiku. "Dada, nianzie wapi?" Nililia, maana hapo alipo nimeshapita.

Mdogo wangu alikuwa akibeba dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Usiku mmoja tajiri wa mitumbwi akaporwa pesa kambini, na siku ya nne ndipo akamtaja yeye. Kosa lile halina dhamana, na adhabu yake ni kuanzia miaka 30. Wakili hatukuwa naye.

Mahakamani tajiri yule ndiye aliyekuwa shahidi, akasema alimwona vizuri kwa mbalamwezi. Nilishtuka pale kwenye benchi. Usiku ule mitumbwi yote ilikuwa ziwani na taa zake, na mwalo mzima unajua dagaa huvuliwa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi wanalala. Hakimu akamuuliza mdogo wangu kama ana swali. Akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akainama. "Sina swali." Ikaandikwa hivyo hivyo, nami nikakaa kimya kwa sababu mtazamaji hasemi. Kimya kile bado kinaniuma.

Alihukumiwa, akakaa gerezani miaka miwili hadi rufaa iliposikilizwa. Huko ndiko nilikojifunza kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema tangu 1980, kwenye kesi ya Waziri Amani, kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na haumtii mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kumfananisha na mwingine uondolewe. Jaji alimwachia: shahidi hakueleza ukali wa mwanga, tena alichelewa kumtaja. Lakini habari ya giza la dagaa haikuguswa. Rufaa inasoma mwenendo wa kesi, yaani yale yaliyoandikwa mahakamani, na swali ambalo hukuuliza halimo humo. Tena ukinyamaza kwenye jambo zito, mahakama inaweza kuchukua kwamba umelikubali.

Kwa hiyo ulizeni! Mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani? Alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani? Alikuwa anamjua? Jina alilitaja kwa nani, lini? Kama hakumjua, aliwaeleza nini polisi kabla ya gwaride la utambulisho, pale watu wanapopangwa mstari ili shahidi amtambue mtuhumiwa? Narudia, ulizeni mwanga. Akihukumiwa, notisi ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45.

Nanyi mlioporwa, uchungu wenu naujua. Lakini "kama yeye" isigeuke "ni yeye" kwa sababu tu mtu amekamatwa. Kuna mama analala macho wazi kwa neno lako.

Dada wa Igoma, kamwone kaka yako kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Muulize usiku ule alikuwa wapi, na nani, na mwezi ulikuwa umefikia wapi. Andika kwenye daftari, umsomee mpaka aweze kuuliza mwenyewe.