Kwa wanaoanza kusoma falsafa ya dini: je, mtu huchagua kuamini?

Ninyi mnaoanza somo hili mtakutana mapema na swali la kama imani ya dini ina ushahidi wa kutosha, na wengi wenu mtatamani kulijibu siku hiyo hiyo. Kutokana na uzoefu wangu wa kulifundisha, nawasihi mtangulize swali jingine: je, kuamini ni jambo ambalo mtu huliamua? Jaribuni kuamini, kwa kutaka tu, kwamba kiti mnachokalia hakipo, nanyi mtaona kuwa haiwezekani. Pascal, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, alilitambua hilo, ndiyo maana hakumtaka asiyeamini aamini papo hapo, bali alimshauri aanze kuenenda kama waumini, aombe misa zisomwe na kutumia maji ya baraka, ili imani ije baadaye.

Msomeni kisha Clifford, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli kuukuu aliyeyazima mashaka yake mwenyewe, akairuhusu ing'oe nanga ikiwa imejaa abiria, nayo ikazama. Wanafunzi wengi huishia hapo, ilhali uzito wa hoja uko mbele kidogo: hata kama meli ingefika salama, anasema Clifford, hatia ya mtu huyo isingepungua hata chembe, kwa sababu kinachohukumiwa ni namna alivyoipata imani yake, si matokeo yake. Hivyo, hata kama hatuwezi kujiamuru kuamini, bado tunawajibika kwa maswali tunayoyakwepa.

William James, mwanafalsafa Mmarekani, alimjibu mwaka 1896, na hakuna anayesomwa kwa haraka kuliko yeye. Hakusema kila mtu aamini apendavyo. Aliweka masharti ya mtu kuruhusiwa kuamini bila ushahidi wa kutosha: uchaguzi uwe hai kwa mhusika, yaani auone kuwa unawezekana kwake, usiepukike, uwe mzito, na usiweze kuamuliwa kwa hoja za akili. Kwangu mimi sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana mwenye haja ya kuamini ndiye huyo huyo anayetangaza kwamba hoja zimefika kikomo.

Msiwaache pia waumini wenyewe waliolichunguza jambo hili. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, anaeleza kwamba alishikwa na shaka kwa takriban miezi miwili, hata akakosa imani na hisi zake, na kwamba hakutolewa humo kwa hoja zilizopangwa, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Mkifika hapo, mpimeni Clifford upya: je, kipimo chake kinamgusa mtu ambaye hakukwepa swali lolote?